Kamera Inaposema Uongo: Sayansi Iliyojificha Kwenye Video ya Kuzindua Kifaa Janja cha Nyumbani

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio moja dogo. Chukua simu yako, fungua kamera, chagua ile sehemu ya video ya mwendo wa polepole, kisha rekodi taa ya LED ya bei rahisi kwa sekunde tano hivi. Sasa itazame video uliyopata. Kuna uwezekano mkubwa utaona taa inawaka na kufifia, inawaka na kufifia, kana kwamba inakaribia kuungua. Halafu inua macho uiangalie taa yenyewe. Imetulia tuli.

Nani mkweli hapo, jicho lako au kamera?

Swali hili linaonekana la kujifurahisha tu, mpaka siku utakapotakiwa kutengeneza video ya kuzindua kifaa ulichokibuni mwenyewe, video ambayo mtu ataitazama kwa dakika moja na nusu kisha aamue kutoa pesa yake au kuibakiza mfukoni. Mimi nilijikuta kwenye hali hiyo mwaka jana. Rafiki zangu wawili wa uhandisi walitengeneza kifaa, mimi ninayesoma fizikia nikaombwa nishike kamera. Nilidhani kazi yangu ni kutafuta mwanga mzuri na kusema "haya, anza". Kumbe nilikuwa nimeingia darasani.

Kifaa chenyewe

Kama umekaa Dar es Salaam au mji wowote ambao maji ya bomba hutoka kwa kubahatisha, unalijua tatizo hili. Nyumba ina simtanki juu ya mnara, chini kuna tanki la akiba au kisima, katikati kuna pampu. Unawasha pampu, unaingia ndani kupika, unasahau. Unashtuka pale jirani anapopiga kelele kwamba maji yanamwagika. Umeme wa LUKU umekwenda, maji yamekwenda, na ukuta umelowa.

Kifaa cha rafiki zangu kina sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi kinachofungwa kwenye mfuniko wa tanki. Kihisi hicho hutoa mlio wa mawimbi ya sauti 40,000 kwa sekunde, ambao sikio la binadamu haliusikii, kwa sababu sisi mwisho wetu ni kama 20,000. Mlio unashuka, unagonga uso wa maji, unarudi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20, kwa hiyo maji yakiwa mita 1.2 chini ya mfuniko, mwangwi unarudi baada ya milisekunde 7. Kifaa kinapima muda huo na kujua tanki limejaa kiasi gani. Sehemu ya pili ni boksi lililo karibu na pampu, lenye kioo cha namba nyekundu kinachoonyesha lita, na swichi ya ndani inayokata au kuruhusu umeme. Sehemu ya tatu ni programu ya simu, ili uweze kuzima pampu hata ukiwa kazini.

Kinafanya kazi. Nimekiona kwa macho yangu kikizima pampu mara kadhaa bila kukosea. Kwa hiyo video ilikuwa jambo rahisi, si ndiyo? Onyesha kifaa, kiwashe, kizime, weka muziki, maliza.

Uongo wa kwanza: mistari inayotembea

Tulianza kurekodi jioni, ndani ya stoo, chini ya taa ya kawaida. Tulipoitazama kazi yetu kwenye kompyuta, kulikuwa na mistari minene ya giza inayopanda kwenye picha, kama mawimbi. Mwenzetu mmoja akasema simu imeharibika. Haikuharibika.

Umeme wa kwetu Tanzania, kama ilivyo Kenya na Ulaya, ni wa mkondo unaogeuka mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde. Katika kila mzunguko nguvu inafika kileleni mara mbili, mara moja kwa kila mwelekeo. Kwa hiyo taa isiyo na saketi nzuri ya kulainisha umeme inang'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10. Jicho la kawaida halioni mabadiliko ya kasi hiyo, linayachanganya yote kuwa mwanga mmoja uliotulia.

Kamera ya simu haifanyi hivyo. Kwanza, haipigi picha nzima kwa mpigo. Inasoma mstari mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini, kama wewe unavyosoma ukurasa huu. Pili, kila mstari unapokea mwanga kwa muda mfupi tu. Muda huo ndio wapiga picha wanauita kasi ya shata. Sasa tuseme simu imejichagulia shata ya 1/60, yaani milisekunde 16.7. Ndani ya muda huo taa inamaliza mzunguko mmoja na zaidi ya nusu. Mistari mingine ya picha inabahatika kupata vilele viwili vya mwanga, mingine inapata kimoja. Wenye bahati wanang'aa, wasio na bahati wanakuwa na giza. Hiyo ndiyo mistari tuliyoiona.

Na kwa nini ilikuwa inatembea? Kwa sababu simu ilikuwa inarekodi fremu 30 kwa sekunde. Fremu moja inachukua milisekunde 33.3, ambayo ni mizunguko mitatu na theluthi moja ya taa. Ile theluthi inayobaki inaisogeza mistari katika kila fremu. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, mizunguko minne kamili, na mistari inasimama mahali pamoja. Haiondoki, ila inasimama.

Dawa ya kuiondoa ni hesabu ndogo sana. Chagua shata ambayo ni mizunguko kamili: 1/100, ambayo ni mzunguko mmoja, au 1/50, ambayo ni miwili. Hapo kila mstari wa picha unapata kiasi kilekile cha mwanga, bila kujali ulianza lini. Simu nyingi zina sehemu ya kamera ya kujipangia mwenyewe, mara nyingi imeandikwa "Pro". Ingia humo, weka 1/50, uifunge isibadilike. Tulifanya hivyo na mistari ikapotea palepale. Ukiwa Marekani, ambako umeme ni wa mizunguko 60, hesabu inakuwa 1/60 au 1/120.

Uongo wa pili: namba zinazokatika

Kesho yake tulitoka nje kurekodi boksi la pampu kwenye jua la saa nne asubuhi. Kioo cha namba kilikuwa kinaonyesha lita 740. Macho yetu yaliona 740. Video ilionyesha 7, halafu pengo, halafu nusu ya sifuri. Fremu iliyofuata ilikuwa na 4 peke yake.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu anayetazama video ile nyumbani kwake. Anaona kifaa kipya, cha vijana asiowajua, ambacho hata namba hakiwezi kuandika vizuri. Ungekinunua?

Sababu ni hii. Vioo vingi vya namba vya bei nafuu haviwashi tarakimu zote kwa wakati mmoja. Vinawasha ya kwanza kwa milisekunde chache, vinaizima, vinawasha ya pili, vinaizima, mpaka ya mwisho, kisha vinaanza upya. Fundi anafanya hivi ili kupunguza nyaya: badala ya waya kwa kila kistari cha kila tarakimu, tarakimu zote zinatumia nyaya zilezile kwa zamu. Tukichukua kwamba kila tarakimu inapewa milisekunde 2 na zipo nafasi nne, zamu nzima inaisha kwa milisekunde 8, yaani mara 125 kwa sekunde. Jicho haligundui kitu.

Lakini kwenye jua kali simu inapunguza mwanga kwa kufupisha shata, pengine hadi 1/1000. Hiyo ni milisekunde moja tu. Ndani ya milisekunde moja, tarakimu moja ndiyo iliyo kwenye zamu yake, nyingine zote zimezimwa kweli kabisa. Kamera haikudanganya kuhusu hiyo milisekunde. Imedanganya kuhusu kile ambacho mtu aliyesimama pale angekiona.

Dawa ni ileile, kurefusha shata hadi 1/50, ili zamu zote ziingie ndani ya fremu moja. Shida ni kwamba kwenye jua 1/50 inaingiza mwanga mwingi mno na picha inakuwa nyeupe. Wenye vifaa wanafunga kioo cheusi mbele ya lenzi. Sisi tuliazima kanga mbili, tukazitundika juu ya boksi kutengeneza kivuli, tukarekodi upya saa kumi na mbili kasoro jioni. Namba 740 ikatoka safi.

Uongo wa tatu: dakika arobaini ndani ya sekunde kumi

Tanki lilikuwa la lita 1,000 na pampu ilikuwa inapandisha kama lita 25 kwa dakika. Gawanya: dakika 40 kujaa. Hakuna mtu atakayetazama maji yakipanda kwa dakika 40, hata mama yako mzazi.

Hapa tuliweka simu kwenye stendi na kuipanga ipige picha moja kila baada ya sekunde 10. Dakika 40 ni sekunde 2,400, kwa hiyo tukapata picha 240. Ukizichezesha 25 kwa sekunde, unapata video ya sekunde 9.6. Maji yanapanda, namba zinakimbia, zinafika 980, pampu inazima.

Je, huo ni uongo? Tulibishana kidogo. Tukakubaliana kuweka saa ya ukutani ndani ya picha, ili mtazamaji aone mishale ikikimbia na ajue muda umebanwa. Hapa sote tulilala usingizi mzuri.

Ubishi mkubwa ulikuwa bado unakuja.

Sekunde nne zilizokatwa

Sehemu ya mwisho ya video ilikuwa ya kuzima pampu kwa simu. Niliweka kamera dirishani ili mkono wenye simu uonekane pamoja na taa ya kijani ya boksi lililo nje. Mwenzetu akabonyeza. Tukasubiri. Moja, mbili, tatu, nne, taa ikazimika.

Kamera, kumbuka, ni saa nzuri sana ya kupimia. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Unahesabu fremu kuanzia kidole kinapogusa kioo hadi taa inapozimika, unazidisha, umepata ucheleweshaji. Tulirudia mara nyingi. Safari nyingine ilikuwa sekunde moja na kidogo, nyingine ilikaribia sita.

Muda huo unakwenda wapi? Watu wengi husema "mtandao uko mbali". Hebu tuangalie. Amri inatoka kwenye simu, inaenda kwenye mnara, inasafiri kwenye nyaya za chini ya bahari hadi kwenye seva iliyo Ulaya, halafu inarudi mpaka kwenye ruta ya nyumbani na kuingia kwenye boksi. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni kilomita 15,000, yaani milisekunde 75. Hata ukiongeza mizunguko ya nyaya na foleni za njiani, hufiki sekunde nne.

Tatizo lilikuwa kwenye boksi lenyewe. Ili kurahisisha kazi, rafiki zangu walilipanga liiulize seva kila baada ya sekunde 5: "Kuna amri mpya?" Ukibahatika kubonyeza sekunde chache tu kabla ya swali, jibu linakuja haraka. Ukibonyeza mara tu baada ya swali, unasubiri karibu sekunde 5 nzima. Kwa wastani unasubiri 2.5, bado hujaongeza muda wa mtandao.

Basi tulikuwa mbele ya kompyuta, usiku, tunaediti. Zile sekunde nne zilikuwa zinaua video. Muziki unapanda, kidole kinabonyeza, halafu kimya. Mmoja wetu akasema, "Kata hapo katikati, nani atajua?" Nikakata. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Kidole kinabonyeza, pampu inazima. Ilipendeza kweli.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa mtaani kwetu mwenye nyumba ya wapangaji. Aliiona video, akafungiwa kifaa, akafurahi. Wiki ya tatu maji kwenye tanki lake la chini yaliisha pampu ikiwa inafanya kazi. Mtoto akampigia simu kwamba pampu inatoa mlio wa ajabu. Mama akiwa sokoni akafungua programu, akabonyeza kitufe. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena.

Kitufe kilikuwa kimoja, cha kugeuza: kama pampu imewaka, kinazima; kama imezimwa, kinawasha. Boksi likapokea amri mbili kwa mpigo. Likazima, likawasha. Mama akarudisha simu kwenye mkoba akiamini kazi imekwisha.

Maji ndiyo yanayopoza na kulainisha sehemu inayozunguka ndani ya pampu. Pampu ikizunguka bila maji inapata joto haraka, na kinachoanza kufa ni ile sili ya mpira na kauri inayozuia maji yasivuje kwenye mhimili. Na kwa kuwa tanki la juu halikuwa linajaa, kihisi chetu hakikuwa na sababu ya kuzima chochote. Mpangaji alipokuja kuchomoa waya, sili ilikuwa imeshaungua.

Tulienda kumwona. Tulipomaliza kumsalimu shikamoo, hakugomba. Alisema tu, "Wanangu, kwenye video kilizima papo hapo. Ndiyo maana nilidhani sikubonyeza vizuri."

Watafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta wanalijua jambo hili zamani. Robert Miller aliliandika mwaka 1968, na Jakob Nielsen akalifanya lijulikane zaidi mwaka 1993: jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anahisi limekuja palepale. Likikaa zaidi ya sekunde moja, fikra zake zinaanza kukatika. Likikaa sekunde kumi, umempoteza. Mama hakukosea kitu. Alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya baada ya kuaminishwa kwamba kifaa ni cha papo hapo. Video yetu ndiyo ilikuwa mwongozo wake wa matumizi, na mwongozo ulikuwa na kosa.

Kipi ni halali kurekebisha?

Sasa hapa unaweza kuniuliza: mbona mlirekebisha mistari na namba zilizokatika, na mkafanya dakika 40 kuwa sekunde 10? Tofauti iko wapi na kukata sekunde nne?

Kuna kesi moja ya zamani inayosaidia sana kufikiri. Mwaka 1965 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri kati ya tume ya biashara ya serikali na kampuni ya Colgate-Palmolive. Tangazo la televisheni lilikuwa limeonyesha sabuni ya kunyolea, Rapid Shave, ikipakwa kwenye karatasi ya msasa, na mara moja wembe unapita na kuinyoa ikawa laini. Kumbe haikuwa karatasi ya msasa. Ilikuwa plastiki angavu iliyonyunyiziwa mchanga. Msasa halisi wa aina ile ulihitaji kulowekwa kama dakika 80 kabla haujanyoleka. Watetezi walisema msasa halisi hauonekani vizuri kwenye televisheni, unaonekana kama karatasi ya kawaida tu. Mahakama haikukubali. Mtazamaji aliambiwa kwamba anaona ushahidi kwa macho yake, kumbe hakuuona.

Kwenye hukumu hiyohiyo ulizungumzwa mfano wa aiskrimu. Taa za studio zinaiyeyusha, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kutumia viazi vilivyopondwa badala yake. Kama watu kwenye tangazo wanakula tu na kufurahi, hakuna tatizo. Lakini kama tangazo linasema "tazama aiskrimu yetu ilivyo na rangi nzuri na ulaini", viazi hivyo vinakuwa udanganyifu, kwa sababu sasa vimegeuzwa kuwa ushahidi.

Nikitafsiri hilo kwa lugha ya kamera, nimejiwekea swali moja: je, mtu aliyesimama pale chumbani angeona nini? Mistari ya giza asingeiona, kwa hiyo kuiondoa kunamsogeza mtazamaji karibu na ukweli. Namba zilizokatika asingeziona, kwa hiyo kuziunganisha ni haki. Maji yakijaa kwa dakika 40, angeona polepole, na saa ukutani inamwambia mtazamaji hivyohivyo. Lakini zile sekunde nne angezisubiri. Nilipozikata, nilimsogeza mtazamaji mbali na ukweli, na kwenye jambo lilelile ambalo video ilikuwa inadai kulithibitisha.

Ndiyo maana pia michoro haina shida. Kwenye video yetu tulichora mawimbi ya bluu yakishuka kutoka kwenye kihisi hadi kwenye maji. Hakuna anayedhani kwamba sauti ni ya bluu. Ni maelezo, si ushahidi. Ila mchoro wa kifaa ambacho hakijatengenezwa, ukionyeshwa kana kwamba ni kifaa halisi kinafanya kazi, ni kitu kingine. Tovuti ya michango ya Kickstarter ililiona hilo, na mwezi Septemba 2012 ikaweka kanuni kwa miradi ya vifaa: usiigize uwezo ambao kifaa hakina leo, wala usitumie picha za kompyuta zinazofanana na kitu halisi. Onyesha kifaa cha majaribio kama kilivyo.

Mfano wa kwa nini hili ni muhimu ni Jibo, roboti wa mezani wa nyumbani. Mwezi Julai 2014 timu iliyoongozwa na Cynthia Breazeal wa MIT ilimtambulisha kwenye tovuti ya Indiegogo kwa video nzuri mno: Jibo anapiga picha za familia, anamsimulia mtoto hadithi, anakumbusha ratiba. Zikachangwa zaidi ya dola milioni 2. Kifaa chenyewe kilikuwa bado hakijakamilika. Mwaka 2016 wachangiaji walio nje ya Marekani na Kanada waliambiwa hakitawafikia na watarudishiwa pesa. Waliokipata walianza kukipokea mwaka 2017, na wapitiaji wengi waliandika kwamba kinafanya machache kuliko ilivyoonekana kwenye video. Mwaka 2019 Jibo mwenyewe akawatangazia wenye nyumba kwamba seva zake zitazimwa. Watu wale hawakuwa matapeli. Walikuwa wanasayansi waliotangulia kuonyesha kitu ambacho kilikuwa bado kichwani, na pengo kati ya video na kifaa likawa mzigo wao.

Tulichofanya baadaye

Tuliiondoa video. Tukamlipia mama sili mpya na kazi ya fundi, tukarudi kwenye boksi.

Kitufe kimoja kikawa viwili, "Washa" na "Zima". Ukibonyeza "Zima" mara kumi, pampu inabaki imezimwa. Ukishabonyeza, kitufe kinaandika "inasubiri" mpaka boksi lithibitishe. Boksi halimuulizi tena seva kila baada ya sekunde 5, bali linaacha njia ya mawasiliano wazi muda wote, na amri inaingia mara tu inapofika. Mtandao ukiwa mzuri sasa ni chini ya sekunde moja. Pia limeongezewa sheria: kama pampu imewaka dakika tano na maji ya juu hayajapanda hata kidogo, izime yenyewe.

Halafu nikarekodi upya. Dirisha lilelile, mkono na taa ya kijani kwenye picha moja, bila kukata. Pembeni tumeweka namba za sekunde zinazohesabu. Chini tumeandika kwa herufi zinazosomeka: "Muda halisi. Mtandao ukiwa dhaifu, inaweza kuchukua sekunde kadhaa."

Kama na wewe unaandaa video ya kifaa chako, anza na mambo haya manne. Funga shata kwenye 1/50 na urekodi fremu 25. Tazama kila namba na kila taa kwenye fremu moja moja kabla hujaondoka eneo la kurekodi. Ukibana muda, weka saa kwenye picha. Na pale video inapothibitisha kwamba kifaa kinafanya kazi, usikate; ukiona aibu kuonyesha sekunde hizo, umeshajua sehemu gani ya kifaa inahitaji kurudishwa mezani.

Ile video ya kwanza bado ninayo kwenye kompyuta. Fremu nilizozikata ni 103. Huwa nawaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza ninaowasaidia maabara, nawaambia wazihesabu, kisha wazidishe kwa milisekunde 40.